Melville, Carr au Bute: uanze na maisha ya Mskoti yupi wa ikulu?

Uskoti ya karne ya 16 ilikuwa na koo kubwa nyingi na ardhi nzuri kidogo. Mwana wa kwanza ndiye aliyerithi. Wa pili na wa tatu walitafuta pa kujishikiza, na hapakuwa mahali penye faida kama karibu na mfalme. Kwa hiyo anayetaka kusoma maisha ya Mskoti wa ukoo bora aliyehudumu katika jumba la kifalme ana watu wengi wa kuchagua, na wengi hukwama pale pale mlangoni: aanze na nani?

Katika kikundi chetu cha kusoma historia swali hilo hurudi kila anapoingia mgeni. Majina yanayobaki mezani huwa matatu. Sir James Melville wa Halhill, aliyezaliwa 1535 na kufa 1617. Robert Carr, Earl (cheo cha lodi) wa Somerset, aliyezaliwa miaka ya 1580 na kufa 1645. John Stuart, Earl wa tatu wa Bute, wa 1713 hadi 1792. Wa kwanza alihudumu wakati Uskoti bado ina malkia wake. Wa pili alipanda baada ya mfalme wa Uskoti kurithi na Uingereza mwaka 1603. Wa tatu alikuja baada ya mabunge ya nchi hizo mbili kuunganishwa mwaka 1707, wakati ambapo Mskoti mwenye tamaa ya ukubwa hakuwa na budi kuutafuta London.

Mimi humpendekeza Melville kwa karibu kila anayeniuliza. Wapo hata hivyo ninaowapeleka kwa Carr, na wachache kwa Bute, na sababu zake nitazieleza.

Walivyoingia

Melville aliingia kama yatima wa siasa. Baba yake, Sir John Melville wa Raith, aliuawa mwaka 1548 kwa uhaini, akituhumiwa kuwasiliana na Waingereza. James alikuwa mwana wa tatu. Akiwa na miaka 14 alipelekwa Ufaransa awe mtumishi kijana wa Mary, malkia wa Waskoti, ambaye naye alikuwa mtoto mdogo akilelewa katika jumba la mfalme wa kule. Hakudumu kwake. Aliangukia mikononi mwa Anne de Montmorency (ni mwanamume huyu, jina lisikuchanganye), mkuu wa majeshi ya Ufaransa, akajifunza adabu za ikulu na vita kwa pamoja, na mwaka 1557 akajeruhiwa katika vita vya Saint-Quentin. Baadaye akahudumu Heidelberg, Ujerumani, kwa mtawala wa jimbo la Palatine. Aliporudi Uskoti mwaka 1564 alikuwa na lugha kadhaa kinywani na marafiki katika majumba ambayo Waskoti wenzake waliyasikia kwa jina tu. Mali ya kutajika hakuwa nayo.

Carr naye aliingia kwa kuanguka kutoka juu ya farasi. Ilikuwa Machi 1607, kwenye mashindano ya mikuki ya kuadhimisha siku mfalme James wa Uskoti alipotwaa kiti cha Uingereza. Kijana huyu wa Ferniehirst, karibu na Jedburgh mpakani, alikuwa katika msafara wa bwana mmoja wa Kiskoti. Farasi akamtupa, mguu ukavunjika, mbele ya macho ya mfalme. James alikuwa na miaka 40. Akaenda kumjulia hali kitandani, akarudi tena na tena, akaanza hata kumfundisha Kilatini yeye mwenyewe. Kabla mwaka haujaisha Carr alikuwa amepewa heshima ya Sir na nafasi katika chumba cha ndani cha mfalme.

Kuhusu Bute inasimuliwa kwamba mvua ndiyo iliyomwingiza. Mwaka 1747, kwenye mashindano ya farasi ya Egham, mvua ilimzuia Frederick, mwana wa mfalme George II, asiondoke. Akataka kucheza karata hemani, na mchezaji mmoja alipungua. Bute akaitwa. Miaka mitatu baadaye alikuwa mmoja wa watumishi wa heshima wa mwana wa mfalme, na mwaka 1755, Frederick akiwa ameshafariki, akawa mwalimu wa mtoto wake, ambaye baadaye ndiye George III.

Mlango mmoja ulifunguliwa kwa ujuzi, miwili kwa bahati. Shika tofauti hiyo, maana ndiyo itakayotusaidia huko mbele.

Melville na siku tisa za London

Septemba 1564 Mary alimtuma Melville kwa Elizabeth I, malkia wa Uingereza. Melville alikuwa na miaka 29, Elizabeth 31. Kazi ya wazi ilikuwa kupoza hasira iliyoletwa na barua moja kali. Kazi ya siri ilikuwa kuonana na mama yake Lord Darnley, binamu wa Mary, na kutafuta jinsi kijana huyo angeruhusiwa kuondoka Uingereza kwenda Uskoti. Melville alikaa siku tisa, na alivyozisimulia baadaye katika kumbukumbu zake ndiko kunakonifanya nimweke mbele ya wenzake.

Elizabeth alimwuliza nywele za nani ni nzuri zaidi, zake au za Mary. Kisha akauliza nani mzuri wa sura. Hebu jiweke hapo. Ukimsifu mwenyeji wako umemsaliti bibi yako, na maneno yatafika Edinburgh kabla yako. Ukimsifu bibi yako umeharibu kazi uliyotumwa. Melville alijibu kwamba Elizabeth ndiye malkia mzuri kuliko wote Uingereza, na Mary ndiye mzuri kuliko wote Uskoti. Elizabeth hakuridhika, akambana. Akasema kila mmoja ni mzuri kuliko wanawake wote wa jumba lake. Elizabeth ni mweupe zaidi, lakini Mary anapendeza sana. Akaulizwa nani mrefu. Hapo hapana pa kukwepa, urefu unaonekana, akasema Mary. Elizabeth akasema basi huyo ni mrefu kupita kiasi, kwani yeye si mrefu mno wala si mfupi mno.

Tulipoisoma sehemu hii kwa sauti, mama mmoja wa kikundi chetu, mtu wa maneno machache, alisema, "Huyo kijana kalelewa." Sijapata maelezo mafupi na kamili kuliko hayo. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na kwa Melville ulimi ndio uliokuwa shamba lake na mshahara wake.

Baada ya chakula cha siku hiyo, Lord Hunsdon, ndugu wa Elizabeth, alimvuta Melville kimya kimya hadi kwenye ujia ambako angemsikia malkia akipiga kinanda. Melville akasikiliza kidogo nje, kisha akainua pazia zito lililoning'inia mlangoni. Malkia alikuwa amempa mgongo. Akaingia, akasimama kimya. Elizabeth alipogeuka na kumwona aliacha kupiga mara moja, akamwendea akiinua mkono wa kushoto kama anayetaka kumpiga, akasema hana desturi ya kupiga mbele ya wanaume, hupiga akiwa peke yake kuondoa huzuni. Melville akaomba radhi: amekulia Ufaransa, na huko watu wana uhuru kama huo. Elizabeth akaketi chini kwenye mto, Melville akapiga goti kando yake; malkia akachukua mto kwa mkono wake mwenyewe ampe aweke chini ya goti. Melville akakataa. Malkia akamlazimisha. Halafu, bila kupumzika, akauliza nani hodari wa kinanda, yeye au Mary. Safari hii Melville alimpa yeye sifa.

Mto ule chini ya goti unanieleza kuhusu utumishi wa ikulu kuliko kurasa nyingi za vitabu vya taratibu. Mtumishi anaheshimiwa, lakini bado yuko magotini. Anapewa raha, na raha yenyewe hana ruhusa ya kuikataa mara mbili.

Katika siku hizo hizo Melville alishuhudia Robert Dudley, kipenzi cha Elizabeth, akipewa cheo cha Earl wa Leicester. Elizabeth, akimvisha mbele ya wakubwa wote, hakujizuia kumtekenya shingoni. Akamgeukia Melville kumwuliza anamwonaje, halafu akamwonyesha Darnley aliyekuwa amesimama akishika upanga wa heshima: lakini wewe unampenda zaidi yule kijana mrefu. Melville akajibu kwamba hakuna mwanamke mwenye moyo ambaye angemchagua mwanamume wa namna ile, asiye na ndevu, mwenye sura ya kike. Kumbuka alikuwa na agizo la siri kuhusu kijana huyo huyo. Julai 1565 Mary alifunga ndoa na Darnley.

Karibu miaka miwili baada ya safari ile, tarehe 19 Juni 1566, Mary alijifungua mtoto wa kiume katika ngome ya Edinburgh, kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Saa sita mchana Melville alikuwa juu ya farasi. Usiku huo alilala Berwick, mpakani, na siku ya nne alikuwa London. Alipofika, Elizabeth alikuwa Greenwich akicheza dansi baada ya chakula cha jioni. William Cecil, waziri wake, akamnong'oneza malkia, na furaha ikazimika. Watu waliokuwapo walimwambia Melville kwamba malkia aliketi, mkono shavuni, akalalamika kwa wanawake wake kuwa mwenzake amezaa mwana mzuri na yeye ni mti usiozaa. Asubuhi yake akampokea Melville akiwa amependeza na mchangamfu, akasema habari ile imemponya ugonjwa. Melville hakukosa la kusema: alimweleza jinsi uzazi ulivyokuwa mgumu na wa hatari, na anakiri mwenyewe kwamba alisema hivyo ili amtie Elizabeth woga wa kuolewa. Malkia asiye na mtoto alikuwa na maana ya kiti cha Uingereza kwa yule mtoto wa Edinburgh.

Mtoto huyo ndiye James. Ndiye aliyekuja kumwona Carr akianguka kutoka kwenye farasi.

Carr, aliyekuwa na mfalme tu

Uzuri wa kumsoma Carr ni kasi. Mwaka 1609 alipewa Sherborne, mali iliyokuwa ya familia ya Walter Raleigh. Mwaka 1611 akawa Viscount Rochester, Mskoti wa kwanza kukaa katika baraza la malodi la Uingereza. Novemba 1613 akawa Earl wa Somerset. Miaka sita na ushei kutoka mguu uliovunjika hadi hapo.

Ila kazi ilihitaji kichwa cha mtu anayejua kusoma nyaraka, na kichwa hicho kilikuwa cha rafiki yake, Thomas Overbury. Barua za serikali zilipita kwa Overbury, naye ndiye aliyempa Carr maneno ya kusema. Carr alipompenda Frances Howard, aliyekuwa mke wa Earl wa Essex na binti wa ukoo wenye nguvu, Overbury alipinga kwa ukali. Mfalme akamtolea Overbury kazi ya ubalozi nje ya nchi. Akakataa, na Aprili 1613 akafungwa katika ngome ya Tower. Tarehe 15 Septemba alikufa humo. Ndoa ya Frances ilikuwa ikibatilishwa wakati huo huo, na tarehe 26 Desemba akaolewa na Carr kwa sherehe kubwa.

Miaka miwili ikapita kabla siri haijatoka: Overbury alilishwa sumu. Watu wanne wadogo waliohusika walinyongwa mwishoni mwa 1615. Frances alikiri Mei 1616. Carr alikana mpaka mwisho, akahukumiwa hata hivyo, na mwendesha mashtaka alikuwa Francis Bacon. Wote wawili walihukumiwa kifo, mfalme akawaachia roho zao, wakakaa Tower hadi Januari 1622. Inaniuma kila nikisoma orodha ya walionyongwa: mlinzi wa gereza, mkuu wa ngome, mjane aliyekuwa mwandani wa Frances, na muuza dawa. Aliye juu mngoje chini, wanasema. Hawa hawakuwahi kuwa juu.

Jambo moja katika maisha ya Carr linafaa lisomwe kwa utulivu, na si sumu. Ni barua aliyoandikiwa na mfalme mapema mwaka 1615, kabla ya kesi. James analalamika kwamba Carr amekuwa mkali na mwenye kiburi, kwamba amejitenga na kuacha kulala katika chumba cha mfalme ijapokuwa ameombwa mara mamia. Mfalme wa nchi mbili anamsihi mtumishi! Kijana mwingine, George Villiers, alikuwa amekwisha kuonekana ikulu tangu Agosti 1614, na ungetegemea Carr aisome hatari. Hakuisoma. Mtu wa kumsomea alikuwa kaburini.

Hapa ndipo ninapomrudia Melville. Anasimulia kwamba alipokuwa Heidelberg bwana wake alimpenda hadi kumketisha meza moja naye na kuzungumza naye mbele ya watu wote, na wenyeji wakaanza kumchukia. Alipoliona hilo, aliomba mwenyewe ahamishiwe meza ya waungwana wengine. Kisa hiki alimsimulia David Rizzio, yule Mwitalia mwandani wa Mary, akimshauri awe anajitenga wakubwa wa Kiskoti wanapoingia. Rizzio alijaribu siku chache, kisha akasema malkia hamruhusu. Tarehe 9 Machi 1566 alichomwa visu katika jumba la Holyrood, Edinburgh, mbele ya malkia mwenye mimba.

Carr hakuwahi kuomba ahamishwe meza. Sidhani kama alijua kuna meza nyingine.

Bute, kwa ufupi

Bute nitampitia haraka, kwa sababu ikulu ilikuwa sehemu ya maisha yake ambayo hakuiweza vizuri. Alikuwa msomi, tajiri kwa upande wa mke, mpenzi wa mimea. Mwanafunzi wake alimpenda mno. Kijana George alipovutiwa na Lady Sarah Lennox alimwandikia Bute kuomba shauri. Bute akasema hapana. Mrithi wa kiti cha Uingereza akatii. Hiyo ni nguvu ambayo Melville hakuwahi kuwa nayo hata siku moja.

George alipotawala, Oktoba 1760, mwalimu akawa waziri, na kuanzia Mei 1762 waziri mkuu, Mskoti wa kwanza kushika nafasi hiyo baada ya muungano. Hakumaliza mwaka. Aliongoza mkataba wa Paris wa tarehe 10 Februari 1763 uliomaliza vita vya miaka saba, akaweka kodi kwenye kinywaji cha tofaa iliyowakasirisha wakulima wa magharibi, na Aprili akajiuzulu. Kosa lake kubwa machoni pa umati wa London lilikuwa kuwa Mskoti anayependwa na mfalme. Jina lake linakaribiana kwa sauti na neno la Kiingereza la buti, basi watu walibeba buti na gagulo wakavichoma moto barabarani, gagulo likiwa Augusta, mama wa mfalme, aliyevumishiwa kuwa ni mpenzi wake. Gari lake lilishambuliwa na ilibidi alindwe na wapiga ngumi wa kukodiwa.

Lililodumu ni bustani. Bute ndiye aliyemsaidia Augusta kuanzisha bustani ya mimea ya Kew mwaka 1759, ambayo leo ni miongoni mwa zinazojulikana sana duniani. Mwaka 1785 alichapa kitabu cha mimea cha juzuu tisa, nakala 12 tu. Mwaka 1790, mzee wa miaka 77, alianguka kwenye jabali la pwani huko Highcliffe akijaribu kuchuma mmea. Alifariki mwaka 1792.

Nani anayekusimulia?

Jambo hili msomaji mpya hulisahau, na mimi ningeliweka mbele ya yote kabla hajachagua.

Melville anajisimulia mwenyewe. Aliandika uzeeni, kwa ajili ya mwanawe, miaka mingi baada ya matukio. Katika kila mkutano yeye ndiye mwenye jibu zuri, na katika kila balaa yeye ndiye aliyeonya mapema. Msome kwa upendo, lakini jiulize Elizabeth angeyasimulia vipi mazungumzo yale. Maneno ya mti usiozaa hakuyasikia kwa masikio yake. Kwa upande mwingine, hafichi udhaifu wote: anaeleza alivyojaribu kumwonya Mary juu ya Earl wa Bothwell, lodi wa Kiskoti, kwa kumwonyesha barua, na alivyolazimika kukimbia hadi hasira ya Bothwell ilipopoa. Aprili 1567 alikuwa katika msafara wa Mary pale Bothwell alipowateka, akapelekwa Dunbar pamoja naye na kuachiwa siku ya pili.

Sauti ya Carr karibu haisikiki. Tunaye kupitia mashahidi wa kesi, waendesha mashtaka, na waandishi waliomchukia yeye, mfalme wake na Waskoti wote kwa jumla. Ukianza naye, soma kumbukumbu za mahakama na ile barua ya mfalme kabla ya hadithi za waliokuja baadaye. La sivyo utajifunza chuki za Waingereza wa karne ya 17 ukidhani unajifunza maisha ya Carr.

Kwa Bute kuna pande mbili tu zinazopiga kelele: barua za mwanafunzi anayemwona hana mfano, na vibonzo vya watu wanaomwona shetani. Mtu wa kawaida wa katikati anapatikana kwa shida, na pengine anapatikana zaidi kwenye mimea.

Basi uchague nani

Kama unataka kujua kazi yenyewe ilivyofanywa, yaani kusubiri mlangoni, kubeba habari njema kwa mtu ambaye kwake ni mbaya, kusema uongo bila kusema uongo, mchukue Melville. Anawafaa pia wanaoandika tamthilia na riwaya, maana mandhari amekwisha kuyapanga. Anawafaa walimu, kwa kuwa kupitia mtu mmoja unapata Uskoti, Uingereza, Ufaransa na Ujerumani.

Kama unachotafuta ni mamlaka yanavyoweza kukaa juu ya pendo la mtu mmoja, na sheria inavyowabagua wakubwa na wadogo, nenda kwa Carr. Yanasomeka upesi maisha yake. Ila uwe na moyo mgumu, na usitegemee kumpenda mtu yeyote humo, labda binti yao Anne, aliyezaliwa Desemba 1615 katikati ya fedheha ya wazazi wake.

Bute ningempa mtu anayejua tayari habari za bunge la Uingereza la karne ya 18, au anayependa mimea kuliko siasa. Kwa anayeanza, majina ya mawaziri yatamchosha kabla hajafika Kew.

Kuna sababu moja zaidi ya kunifanya nimweke Melville juu, nayo ni mwaka 1603. James alipoondoka kwenda kurithi Uingereza, Waskoti walimfuata kwa wingi, na kijana Carr alikuwa mmoja wao. Melville alikuwa amewahudumia Mary, watawala walioshika nchi kwa niaba ya mfalme mtoto, kisha James mwenyewe na mkewe, Anne wa Denmark. Alitakiwa aende. Akaomba abaki. Alikuwa na miaka 68, na alikuwa na Halhill, shamba lake la Fife. Ndugu yake Andrew alikuwa msimamizi wa nyumba ya Mary kifungoni Fotheringhay, Uingereza, akamwona akienda kukatwa kichwa Februari 1587. Familia hii ilijua ikulu inakoishia. James Melville alikwenda London baadaye mara moja, akamsalimu mfalme, akarudi nyumbani kuandika.

Maandishi hayo yalipatikana katika ngome ya Edinburgh mwaka 1660, miaka 43 baada ya kifo chake, yakachapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1683. Kiskoti chake cha kale ni kigumu, lakini yapo matoleo ya Kiingereza chepesi. Usianze ukurasa wa kwanza. Fungua Septemba 1564, usome zile siku tisa, hadi anapopewa zawadi na kuaga. Ukifika hapo utakuwa umeshajua kama unataka kuendelea naye.